Nape ya Reli ya Mji

Kwa miezi mingi niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba reli ya mji wetu wa Kalemie ilikwama kwa sababu ya kitambaa cha meza.

Usicheke kwanza. Ngoja nieleze.

Sisi wa hapa tulizaliwa na reli. Muntu wa Kalemie hata akienda chooni anasema asicheleweshwe, atakosa treni. Kwa hiyo kampuni ilipokuja kusema itajenga njia ndogo ya reli ya kubeba watu wa mji, kutoka gare, stesheni kuu, mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, tulipiga vigelegele hadi samaki wa ziwani wakakimbilia Kigoma, ng'ambo ya pili. Na vile vigingi vyekundu vya kituo cha kwanza, walivipiga wapi? Mbele kabisa ya malewa ya bibi yangu, mama ya watoto wangu. Malewa yenyewe ni mabati manne na benchi mbili, lakini bukari yake, ule ugali laini, na samaki wake wa mikebuka wa kukaanga vingemrudisha nyumbani hata askari mtoro. Bibi yangu alifurahi. Alisema abiria akishuka, pua yake itafika kwenye sufuria kabla ya miguu.

Wakachimba. Mungu wangu, walichimba! Walisema shimo litafungwa kabla ya mvua. Kesho yake asubuhi likawa limejaa maji, na kutoka mbinguni halijaanguka hata tone. Wakaleta motopompe. Ikanguruma kutwa, ikayakausha. Tukalala, tukaamka, maji yako pale pale, yametulia kama mwenye nyumba. Wakaleta motopompe nyingine, kubwa kama ng'ombe. Maji yakarudi. Wakamwaga changarawe, ikazama. Wakamwaga mawe ya kutoka Kabimba, mbali kule kusini, nayo yakazama. Katapila ikaenda kuangalia mawe yamekwenda wapi, ikazama hadi shingoni. Vyura wakaunda kwaya, wakapata ile sauti ya nne ambayo kwaya ya parokia yetu inaitafuta tangu nizaliwe.

Na sisi kila tukiuliza, jibu ni moja: mwezi kesho. Ule mwezi kesho, kama ungekuwa mutoto, sasa ungekuwa umeshaoa.

Siku moja watu wa mtaa walichoka, wakamzunguka mkubwa wa kazi akiwa anapanda gari yake ya jipu. Akatutupia maneno mawili kupitia dirishani: "Shida ni nape. Tumekuta nape, na iko karibu sana." Halafu akaondoka, akatuachia vumbi.

Macho yote yakanigeukia mimi. Nani mwingine? Mimi njo nilimaliza masomo ya magaribi, yale ya jioni ya watu wazima, nikapata diploma katika umri ambao wenzangu walikuwa wanapata mvi. Na somo letu la kwanza kabisa la Kifaransa lilikuwa vitu vya mezani: uma, kisu, sahani, nape. Sikuhitaji hata kukohoa.

"Nape," nikasema, "ni kitambaa cha meza."

Kisha jirani yetu, fundi baiskeli, akauliza: "Kitambaa cha meza? Chini ya udongo?"

"Chini ya udongo."

"Na meza yenyewe?"

"Kama kitambaa kiko, meza itakosa?"

Kufika jioni ile meza ilikuwa imeshapata wenyewe. Ni wakubwa wa reli wa zamani, Wabelji, waliotoka mbio wakaizika ikiwa imeandaliwa: sahani za fedha, vijiko vya dhahabu, chupa hazijafunguliwa. Fundi baiskeli akaongeza kwamba kwa ukubwa wa wale watu, mwisho mmoja wa meza unaweza kuwa Kabimba.

Wafanyakazi wenyewe njo walinitia imani. Nilikuwa napita na kuuliza, "Habari ya nape?" Wananijibu, "Imepanda, Papa." Si unaona? Wanaiinua! Siku nyingine wanasema, "Leo tunaishusha." Sawa, kitu cha thamani vile hakivutwi kama wavu wa ndakala, dagaa wetu. Muntu akitaka kuamini, hata ukweli unamsaidia.

Wakati mimi nahesabu vijiko vya dhahabu, bibi yangu alikuwa anapoteza wateja. Ili ule kwake ilibidi uvuke shimo juu ya ubao mmoja. Dada yake, anayeuza chakula bandarini, alimwekea nafasi kando yake, chini ya paa nzuri, ila kwa sharti: mvua ya kwanza ikinyesha kabla hajahamia, nafasi anapewa mama mwingine.

"Papa watoto, tuhame," alikuwa ananiambia.

"Tungoje. Wakitoa nape tu, treni hii hapa. Utaachia wengine kituo?"

"Jana mwalimu wa jirani ameanguka ndani na sahani."

"Sahani ilipona?"

"Sahani imepona. Mwalimu njo hatarudi tena."

Nikasema mwalimu huyo alikuwa anakula kwa deni hata hivyo. Hakucheka.

Basi mchana mmoja mawingu yakajikusanya juu ya ziwa, meusi kama masizi ya sufuria. Kijana aliyetumwa na dada yake akafika akihema: "Mama anasema, leo. Ndiyo ao hapana." Wakati huohuo mama mmoja mwenye buti za tope akavuka ubao, akakaa, akaomba bukari. Alikuwa injenieri wa kampuni, ametumwa kutoka Lubumbashi kupima udongo upya. Nikaona Mungu ameniletea shahidi mpaka kwenye benchi.

"Mama injenieri," nikasema kwa sauti yenye diploma, "hebu mwambie bibi yangu. Ile nape mutaitoa lini?"

"Kuitoa? Kuipeleka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kinshasa labda. Pamoja na sahani zake."

Akaacha kutafuna. "Sahani gani, Papa?"

Nikamweleza yote: Wabelji, chupa, vijiko, meza mpaka Kabimba.

"Mimi sikusema Kabimba," akadakia fundi baiskeli, aliyekuwa amekuja kujikinga na upepo.

Injenieri akanawa mkono polepole. Hakucheka, labda alikuwa amechoka kutushinda.

"Papa, nape hii ni maji. Maji yanayolala chini ya udongo. Hapa ni mchanga mtupu, na ziwa liko pale. Ziwa likipanda, nayo inapanda. Ukiikausha leo, kesho imerudi. Kituo tunakihamisha kule kilimani."

Matone ya kwanza yakagonga bati. Bibi yangu alikuwa amesimama, kifuniko cha sufuria mkononi. Hakuniangalia mimi, alimwangalia injenieri.

"Kwa hiyo hii nape haiendi?"

"Haiendi popote, Mama. Nyinyi njo mutaenda."

Bibi yangu akafunika sufuria, akamwambia kijana wa dada yake: "Kimbia mbele, sema ndiyo, niko nyuma yako."