Tanuri Lililozimwa Mwezi wa Ramadhani

Maalim Yassir alichukia jambo moja kuliko yote: mwanafunzi wa dini kunyoosha mkono. Chuo chake cha bweni, pembeni mwa mji wa Migori, kilikuwa na wavulana arobaini wakila walichogawiwa na wafanyabiashara wa msikitini. Basi mwaka 1995 akawajengea tanuri la udongo, akawafundisha kukanda unga na kuoka mikate.

Aliyeishika kazi ile kwa mikono miwili ni Abdi, kijana wa miaka kumi na saba kutoka Kosele. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alipeleka vikapu kwa wauza chai wa sokoni, karibu wote Wakristo. Mama Mong'ina, mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote, alimwita "mkwe wangu". Abdi alisema akimaliza chuo atafungua tanuri lake Kosele. Maalim aliposikia, alitembea siku nzima kama aliyepata mtoto.

Januari ikaingia na Ramadhani. Siku ya pili, mwenyekiti wa kamati ya wale wafanyabiashara wa msikiti, muuza vitambaa, akamkabili Maalim nje ya msikiti.

"Wanafunzi wanatembeza mikate, watu wamefunga! Ama mnataka kamati iwaache mjilishe wenyewe?"

Ndiyo! Hicho hasa ndicho Maalim alichotaka. Kamati ilizoea heshima ya kulisha maskini, na mazoea hayo hayapendi maskini apungue. Maalim alilijua hilo. Lakini aliwaza gunia la mchele la wiki ijayo, akainamisha kichwa.

"Tutalizima tanuri, Haji."

Abdi hakuelewa. "Maalim, wanaokula ni wasiofunga. Dhambi iko wapi?"

"Dhambi haipo. Kuna maneno ya watu. Vumilia, ni mwezi mmoja tu."

"Watu hawatakunywa chai tupu mwezi mzima, Maalim."

Idd ilipopita, Abdi akarudi sokoni na vikapu vimejaa. Mama Mong'ina akacheka hadi akashika kiuno.

"Haiya, mkwe wangu! Kwani mkifunga nyinyi, na sisi tufunge?"

Akamwonyesha nyuma ya kibanda. Alikuwa ameunda tanuri la pipa, na soko zima sasa lilinunua kwake. Abdi alirudi na mikate yote. Chuo kiliila siku tatu, hadi ikawa migumu.

Siku ya nne akakunja godoro lake.

"Nasikia Sindo wanatafuta wapakiaji wa samaki."

"Na kuoka?"

"Nimuokee nani, Maalim?"

Maalim akamsindikiza hadi stendi, amembebea mfuko. Njia nzima alitafuta neno moja, nisamehe, na kila alipolikaribia akahamishia mfuko bega jingine. Mwalimu hajazoea kumwomba mwanafunzi. Gari lilipowashwa akajikuta amenyanyua mikono, anamsomea dua ya safari, ndefu, yenye Kiarabu kizuri.

"Amina," akaitikia Abdi kwa adabu, kama angemwitikia mtu yeyote wa kamati, kisha akapanda.