Mkono wa Jembe Kwenye Kabureta

Nyie vijana mnaopita barazani kwangu na kuuliza, "Bibi, haya machuma ya nini, si uwauzie watu wa chuma chakavu?" kaeni chini msome. Nimechoka kujibu kwa mdomo. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta mahali sikuandika vizuri, nyamazeni, endeleeni.

Babu yenu alikuwa na Landrova. Aliinunua kwa tumbaku tulipokuwa tunalima upande wa Lusewa, kabla hatujahamia hapa Msamala. Miaka ile vitu havikuwepo. Sabuni foleni, sukari foleni, spea za gari ndiyo usiseme. Kitu kikikatika unakitengeneza mwenyewe, la sivyo gari linageuka banda la kuku. Ikatokea siku ule mkono mdogo wa kwenye kabureta, unaovutwa dereva akikanyaga mafuta, ukakatika. Bila mkono ule unakanyaga na gari halina habari na wewe. Babu yenu akachukua jembe langu lililochakaa, akakata kipande, akakipiga tupa mpaka kikakaa mahali pake. Nilimgombeza kwa ajili ya lile jembe. Mkono wenyewe ulikuwa mnene, mweusi, umepinda kidogo kwa juu. Ulifanya kazi miaka.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaruhusu kila mtu afanye biashara. Maduka ya mjini yakajaa. Kila kitu kwenye boksi, kinang'aa. Sisi tuliokuwa tunafulia majani ya mpapai, kitu kinachong'aa kilitutia wazimu. Tuliona kikiwa kipya basi ni kizima. Hapo ndipo tulipokamatwa.

Miaka hiyohiyo babu yenu alishikwa na sukari. Kidonda kikaota chini ya vidole vya mguu, kikakataa kupona. Hospitali ya misheni, kule Peramiho, wakasema mleteni siku moja ndiyo, moja hapana, asafishwe na kufungwa upya. Mkikosakosa, mguu utakatwa. Walisema mbele yake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anautazama tu mguu, kama mtu anayemtazama ng'ombe wake aliyekwishauzwa. Vibasi vilikuwepo, lakini siku moja alikanyagwa humo, kidonda kikafumuka. Ikabaki Landrova.

Nayo ikaanza kukohoa. Baba yenu mkubwa ndiye aliyekuwa akiendesha, tukaipeleka gereji moja pale mjini, babu yenu amekaa mbele na mguu wake. Fundi alipojua sisi ni Wangoni akapiga makofi.

"Shikamoo, mama mtani! Mimi Mbena wa Njombe. Leo nimepata mateka."

"Marahaba. Mateka ni wewe, sisi tuliwateka zamani."

"Sasa mtani, babu zako walitoka kusini huko kwa Wazulu kwa miguu mpaka hapa. Wewe Peramiho tu hapo unataka gari?"

Tukacheka. Babu yenu alicheka kuliko sisi wote.

Nyie wa siku hizi mnadhani utani wa Wangoni na Wabena ni kuchekeshana. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anakuja msibani kwako, anaingia kaburini, anakataa kutoka mpaka apewe kuku. Na ndiye anayekuambia ukweli ambao ndugu yako anauogopa. Kwa hiyo yule fundi tulimwamini pale pale, hatukuuliza mtu mwingine habari zake. Akafungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kabureta imekufa, mama. Hii ni ya kuwekwa makumbusho."

Akatuonyesha mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Tukamwachia gari, kesho yake tukakuta ameshaifunga. Ile ya zamani hatukuiulizia. Nani anaulizia takataka?

Ile mpya haikutufikisha. Gari linazima kwenye mlima, linazima darajani, tunasukuma, tunarudi mjini, na babu yenu hajasafishwa kidonda. Fundi anagusagusa na bisibisi, anacheka. "Landrova yenu imezoea njaa, mtani. Imepata chakula kizuri imevimbiwa!" Mwanzoni nilicheka naye. Babu yenu alipoanza kulala ameutoa mguu nje ya blanketi, nami nikajua ni kwa sababu ya harufu, sikucheka tena.

Siku moja nimekwenda mashine ya kusaga, nakuta nje Landrova ya mnunuzi wa mahindi, hawa binafsi walioingia na ruksa. Boneti iko wazi, mwenyewe anatia maji kwenye rejeta. Nikachungulia hivihivi. Jembe langu lile! Limepinda kidogo kwa juu, jeusi, limekaa kwenye kabureta linanitazama.

"Baba, hiki chuma umekitoa wapi?"

"Kabureta hiyo, mama. Ya zamani hii, ndiyo nzima. Hizi za madukani sasa hivi ni bati tupu. Fundi ameniuzia, anasema imetoka kwenye gari la marehemu."

Gari la marehemu! Mume wangu niliyemwacha nyumbani anakunywa uji!

Nikaweka ndoo ya mahindi chini. "Twende kwa huyo fundi." Alitaka kukataa. Akaniangalia usoni, akanifungulia mlango.

Fundi alipotuona tunashuka gari moja alielewa. Akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Aa, mtani! Nimekuibia mchana kweupe! Utani huo, mama, usikasirike!"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Ukimkasirikia mtani unapigwa faini, mama!"

Nikaona mtego ulivyokaa. Kwa desturi zetu, nikikasirika mimi ndiye mkosaji. Basi nikakasirika.

"Sikiliza wewe. Mtani akichukua kuku wangu, anamchukua mbele ya watu, anapiga kelele, kijiji kizima kinajua. Wewe umechukua kisirisiri, umeuza, na mume wangu umemzika akiwa hai. Usiniletee utani hapa. Wewe ni mwizi."

"Mama, maneno makubwa hayo."

"Mguu wa mtu unaoza nyumbani kwangu kwa ajili yako. Twende ukauchekee."

Hakucheka mtu. Fundi akachukua spana, akaifungua ile kabureta kwenye gari la mnunuzi. Wao wawili walimalizana vipi, sijui, sikutaka kujua. Akasema ngoja mama niwafungie kwenye gari lenu. Nikamwambia gari langu usiliguse. Nikaifunga kabureta kwenye kanga, nikatembea nayo mpaka nyumbani, petroli inanichuruzikia tumboni.

Tukaenda kwa fundi mwingine hapa hapa Msamala, mzee, kibanda chake cha mabati. Naye Mbena, wa Njombe hukohuko. Baba yenu mkubwa akasita. "Mama, Mbena tena?" Nikamwambia aliyeiba ni yule, si Ubena wote. Nikamsogelea mzee.

"Umeshakunywa ulanzi wako leo, pombe yenu ya mianzi?"

"Bado, mtani. Nikishakunywa ndipo nitakuona mzuri."

Akafanya kazi tukiwa tumesimama pale pale. Akarudisha kabureta yetu, akabadilisha mpira wa mafuta uliokuwa umeoza. Alipomaliza, sijamwomba kitu, akanikabidhi kopo: mpira mbovu, skrubu zilizolika, na ile kabureta ya bati.

"Vya nini hivi?"

"Maiti zako hizo. Nenda kazizike mwenyewe, mimi siziki Wangoni bure."

Nikajua nimepata fundi. Mpaka tunaliuza lile gari, mkono mwingine haukuligusa.

Kesho yake tulifika Peramiho bila kuzima. Mguu ulipona. Vidole viwili vilikuwa vimeshaharibika, wakavikata. Babu yenu alisema hata hivyo ameshukuru, atatembea kama babu zake. Mimi sikushukuru. Padri aliniambia nimsamehe yule fundi. Nikamjibu, "Baba, niko njiani, ila nakwenda kwa miguu."

Jioni ile ya kwanza tuliyorudi kutoka Peramiho na babu yenu amefungwa bendeji mpya, niliita nyumba nzima barazani, nikamwaga lile kopo chini mbele yao. Nikasema:

"Kuanzia leo, chochote kitakachofunguliwa kwenye gari letu, kizima au kibovu, kinarudi hapa. Asirudi mtu kutoka gereji mikono mitupu. Na fundi akiwaambia ni utani, mwambieni angoje nife, aje achukue kuku mbele ya watu."