Fundi na Vibandiko Vilivyopinda

Fundi hakuwahi kuacha kitu kikiwa kimepinda. Hata kitambaa cha meza cha jirani akikiona kimekaa upande, mkono ulimwasha. Miaka arobaini na miwili ya kushona sare za shule si mchezo. Jina la Fundi lilikwisha kumeza lile alilopewa na wazazi wake.

Moyo wake ulipoanza kukurupuka kama kuku aliyeona mwewe, kwanza aliendelea kushona. Kisha akaanguka juu ya cherehani, mara mbili. Mumewe, dereva mstaafu, alisema ni hasira tu.

"Wewe ukikosa la kununia, unaanguka."

Basi hospitali ilipotafuta watu wa utafiti wa moyo, Fundi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alitaka jambo moja: karatasi ya kumwonyesha mume yule kwamba anaumwa kweli.

Nesi wa utafiti alimbandika vibandiko saba kifuani, kila kimoja na waya wake, nyaya zote zikaingia kwenye kidude cha kufunga kiunoni.

"Siku mbili, mama. Usioge, usiviguse. Kidude kitaandika kila pigo, na wewe andika kwenye daftari unachofanya na unavyojisikia."

Nyumbani, wifi yake akageuka askari. Fundi akielekea kwenye cherehani, sauti hiyo:

"Wifi, utajitia shoti!"

"Kwani mimi pasi?"

"Pasi au si pasi, rudi kitandani."

Dirisha likafungwa asipigwe na upepo. Fundi akalala chali kama mbuzi wa kamba fupi, hana pa kwenda ila kutazama dari. Dari ikamchosha, macho yakashuka kifuani. Lo! Kibandiko kimoja juu, kingine chini, vingine vimekwenda kwapani, kama shati lililofungwa vifungo na mlevi. Alivumilia mpaka alasiri. Kisha akavibandua kimoja kimoja, akavipanga katikati ya kifua, mstari mmoja, nafasi ya vidole viwili viwili. Hapo akapumua. Siku mbili zilipokwisha akavibandua mwenyewe, wifi akakirudisha kidude hospitali.

Wiki iliyofuata daktari wa utafiti aliwaita, mke na mume.

"Mama, picha ya mapigo inaonyesha sehemu ya moyo wako iliwahi kukosa damu. Tutakuanzishia dawa, utazinywa maisha yako yote."

Mumewe akainamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu. Kumbe nilikuwa nakuonea."

Maneno aliyoyasubiri mwaka mzima! Na karatasi hiyo hapo, ina muhuri. Fundi akaishika, akakumbuka vile vibandiko alivyovihamisha, ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Akisema kweli, ataitwa mwenye hasira tena. Akinyamaza, atameza dawa za ugonjwa alioushona mwenyewe.

"Daktari," akasema, "kidude kinajua kama vibandiko vimehama?"

"Vimehama vipi?"

"Nilivinyoosha. Vilikuwa vimepinda."

Nesi akaziba mdomo. Mume akanyanyua kichwa. "Si nilisema mimi?"

Daktari hakucheka. "Moyo wenyewe umelala upande, mama. Vibandiko vinafuata moyo, havifuati shati." Akaichora karatasi msalaba mkubwa. "Tunaanza upya. Siku mbili."

Kesho yake mchana Fundi alikuwa chali tena, dirisha limefungwa, wifi ameweka kiti mlangoni, mume anapiga mluzi uani. Safari hii nesi alikuwa amezungushia kila kibandiko duara la kalamu. Cha tatu kilipinda kupita vyote. Vidole vikaanza kumwasha. Fundi akaisukuma mikono yote miwili chini ya mgongo, akailalia kwa uzito wake wote.

Ndipo moyo ukakurupuka. Dari ikazunguka.

"Wifi!" akaita, sauti nyembamba. "Chukua daftari, tazama saa, andika: moyo unakimbia, amelala, hajakasirika."

"Si uandike mwenyewe?"

"Andika wewe, wifi yangu. Mikono hii siitoi."