Aliyekufa na Mstari Wangu

Habari ya kifo chake ilinikuta Omurushaka, nimesimama nje ya duka la vipuri nikisubiri basi la kurudi Kimuli. Mwalimu mwenzangu alinipigia simu, akaanza na salamu ndefu za nyumbani na za kazini kama afanyavyo mtu mwenye habari mbaya, mwishowe akasema yule bwana wa Rugu amefariki alfajiri, presha imempanda ghafla. Wasomaji wangu, mmenizoea kwa maneno ya upole mtu akitangulia mbele ya haki. Wiki hii mtanisamehe, na msiponisamehe shauri yenu. Sikulia. Neno la kwanza lililonitoka, tena kwa sauti hata mwenye duka akachungulia nje, lilikuwa: "Ala! Amenikimbia!" Mwenzangu kwenye simu akaanza kuita "haloo, haloo", akidhani mtandao umekatika.

Jina lake silitaji, kama nisivyotaja la mtu yeyote katika safu hii, ila wa huku watamjua. Alikuwa na chumba cha kufundishia kompyuta pale Omurushaka, na Jumamosi mchana, wanafunzi wakishaondoka, alituachia chumba hicho sisi wachache wenye ugonjwa wa kuandika programu: walimu, muuguzi mmoja, karani wa ghala la kahawa. Mtu analeta fumbo, kila mmoja anaandika maagizo ya kuifanya kompyuta ilitatue, na mshindi si anayemaliza kwanza bali mwenye maagizo mafupi kuliko wote. Mnaweza kucheka. Tulikuwa watu wazima wenye familia zetu, na tuligombana kwa sababu ya mabano. Tulikuwa na desturi yetu pia. Aliyeshindwa anamkaribisha mshindi kahawa ya kutafuna, ile yetu ya kuchemshwa na kukaushwa na maganda yake, ndani ya kikapu kidogo, mbele ya wote. Na kwa mwanamke wa huku mnajua kumkaribisha mtu kahawa maana yake ni nini. Unapiga goti.

Fumbo lililotugombanisha lilikuwa hili: upewe neno lolote, kompyuta iseme kama neno hilo limejengwa kwa kipande kimoja kinachorudiwa. "Polepole" ndiyo, maana ni pole na pole tena. "Katikati" ndiyo. "Karagwe" hapana. Linasikika jepesi, lakini jaribuni muone. Sote tulianza kwa kulikatakata neno vipande vya kila urefu na kuvilinganisha kimoja kimoja, na maagizo yakajaa kioo kizima. Mimi jibu lilinijia kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimempelekea vitenge vitatu vya aina moja, akaunga viwili ncha kwa ncha, kisha akawa anatelezesha cha tatu juu yake akitafuta mahali maua yatakapolingana. Nikamtazama. Kumbe ndivyo! Kitambaa kikilingana na wenzake pale katikati, kabla hakijafika kwenye kiungo, basi ua linajirudia. Mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa hakuna cha kuhesabu, kwa sababu hapo hata kitambaa kisicho na ua linalojirudia kinakaa sawasawa juu ya mwenzake.

Basi na neno lifanyiwe hivyo hivyo. Liandike mara mbili, likiungana. Kata herufi ya kwanza na kata herufi ya mwisho. Halafu tafuta neno lenyewe ndani ya kilichobaki, ukilikuta, linajirudia. Polepole ikiandikwa mara mbili na kukatwa pande zote inabaki "olepolepolepol", na ukitazama vizuri polepole imo humo nzima. Karagwe inabaki "aragwekaragw", na Karagwe nzima haimo. Kwa lugha ya kompyuta yote hayo yanakaa kwenye mstari mmoja, ambapo s ni neno lenyewe:

s in(s+s)[1:-1]

Hiyo 1 inakata mbele, na hiyo -1 inakata nyuma. Nilipouandika mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, nikaacha maharage yakaungua. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na nimezaa watoto.

Kosa langu, kama mnataka kuliita kosa, lilikuwa furaha. Siku moja kabla ya kukutana nilipita nyumbani kwake Rugu kuchukua miche ya migomba aliyoniahidi. Tukakaa barazani, mkewe yupo pembeni anamenya ndizi. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote kwa mdomo, vitenge, ncha, mikato miwili. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Na kwa nini ukate pande zote mbili, mwalimu?" Nikaanza kumweleza, lakini nikaona macho yake yameshaenda mbali, anahesabu alama. Nikachukua miche yangu nikaenda zangu.

Kesho yake, kabla sijafungua mdomo, alisimama mbele ya wote akasoma mstari wangu. Herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Chumba kikalipuka kwa makofi. Karani wa ghala akamuuliza, "Mzee, hii umeitoa wapi?" Akajibu, "Usingizini. Mungu hampi kila mtu."

Nikasimama. "Hiyo ni yangu. Nilikwambia jana kwako, barazani, na mkeo yupo."

Akanitazama kwa huruma, jamani, kwa huruma! "Dada mwalimu, wazo lina chapa kama ng'ombe? Wewe ulikuja kuchukua migomba." Watu wakaangua kicheko. Muuguzi akanivuta gauni, "Kaa, waitu, ndugu yetu, tusiharibu siku." Kisha kikapu kikaletwa, kikawekwa mikononi mwangu, kwa kuwa jibu langu lililoandikwa pale lilikuwa lile refu la zamani nililokuwa sijalifuta. Nikapiga goti. Nilimkaribisha mwizi kahawa kwa mikono miwili kwa sababu ya mali yangu mwenyewe, naye akachukua punje, akatafuna taratibu, akasema, "Tamu." Sijaisahau ile "tamu". Nikiamka vibaya ndiyo ya kwanza kunijia.

Nilimfuata mkewe sokoni wiki hiyo. Nikamwamkia, shikamoo, maana alinizidi umri, nikamuuliza, "Mama, si ulisikia?" Akapanga nyanya zake bila kuniangalia. "Mambo yenu ya kompyuta mimi siyajui, mwanangu." Nikamwelewa. Analala nyumba ile, si yangu. Lakini kuelewa si kusamehe, na mimi nilielewa tu.

Baada ya hapo mstari ukamfanya mtu. Alialikwa redioni kuuzungumzia. Shule zilimwita awatie moyo wanafunzi. Aliuandika juu ya mlango wa darasa lake kwa rangi ya mafuta, na vijana wakawa wanapiga picha chini yake. Kila mara alikuwa na hadithi mpya ya jinsi ulivyomjia: leo usingizini, kesho shambani, siku nyingine akiwa anaomba. Vitenge havikutajwa hata siku moja. Na mimi nilikuwa bado nafundisha Kimuli, naulizwa na wanafunzi wangu mwenyewe kama namfahamu yule bingwa.

Sasa sikilizeni alivyojimaliza. Sifa haishibishi, na mtu aliyesifiwa kwa ufupi atataka ufupi zaidi. Siku moja alisimama kwenye semina ya walimu, na mimi nimo, akatangaza kwamba amefanikiwa kuupunguza mstari wake maarufu. Ameondoa alama mbili. Akaandika ubaoni:

s in(s+s)[1:]

Akaujaribu kwa polepole, kompyuta ikasema ndiyo. Katikati, ndiyo. Mbalimbali, ndiyo. Makofi mpaka vioo vikatetemeka. Nami nikaziba mdomo kwa leso, si kwa kilio. Alikuwa ameondoa mkato wa nyuma! Kata mbele tu na neno la pili linabaki zima pale mwishoni, halijaguswa, kwa hiyo kila neno duniani litakutwa. Karagwe, ndiyo. Sufuria, ndiyo. Mwizi, ndiyo. Mstari wake mpya haukagui chochote, unaitikia tu. Na ukumbi mzima wa walimu waliosoma hakuna aliyejaribu neno lililopaswa kukataliwa, maana mtu anayesubiri kupiga makofi hatafuti "hapana".

Hapo nikaona Mungu ameniletea yule bwana kwenye sahani. Sikusema neno siku ile, sikutaka kummaliza mbele ya walimu tu. Nilikuwa nasubiri shindano la vijana la kuandika programu, wazazi wakiwepo, na yeye akiwa mgeni wa heshima. Nilishapanga nitakaa wapi. Ningenyoosha mkono kwa adabu zote, niseme, "Mzee, tunaomba ujaribu neno moja, Karagwe." Ningetazama kioo kikisema ndiyo, kisha ningemwomba, mbele ya wote, aeleze kwa nini ule mstari wa kwanza ulikuwa na mikato miwili. Asingeweza. Hakuwahi kuwa kwa fundi cherehani. Basi mnaelewa sasa kwa nini nilisema amenikimbia. Zimebaki siku chache, nguo nimeshapiga pasi, mtu anakufa.

Nimekaa na hasira hii nikaipembua, na naona si ya mtu mmoja. Mara ngapi kikaoni mwanamke anasema jambo, kimya, kisha mwanamume anarudia lile lile kwa sauti nzito na katibu anaanza kuandika? Na ule mstari wake wa kuitikia kila kitu, mbona tunauishi? Kule kwetu kuna mpokeaji wa kahawa ambaye tangu apewe kazi hajawahi kurudisha gunia hata moja. Mbichi inapita, yenye mawe inapita, na watu wanamsifu kwa roho nzuri mpaka mzigo wote unapokataliwa huko mbele kwa mnunuzi, na wakulima walioanika vizuri wanaumia pamoja na wavivu. Tuna kamati zisizojua kusema hapana. Tuna walimu, wenzangu mimi, wanaompitisha kila mtoto ili mzazi asinune. Ukaguzi usiokataa kitu si ukaguzi. Na aliyechukua kazi ya mwenzake hawezi kujua ni kipande gani hakiondoki, kwa kuwa hakuwepo kilipotafutwa.

Msibani nilikwenda. Roho mbaya ninayo, adabu sijapoteza. Nilikaa na akina mama chini ya turubai, nikamenya ndizi na wenzangu, nikasikiliza wasemaji watano wakimsifu kwa ule mstari, mmoja akilia kabisa. Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba, na fundi akaanza kujengea kaburi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nishaaga nilipoona binti yake mkubwa, ambaye ni mtu mzima na ana kazi yake Bukoba, anakuja mbio na macho yamevimba.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani sana. Tunataka mstari wa baba uwe juu ya kaburi. Fundi ameuandika, lakini hapa hakuna anayejua kama amekosea. Mama kasema nikuulize wewe."

Nikageuka. Mjane amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani. Safari hii alinitazama. "Muulize mwalimu," akasema, na watu wakasikia. "Yeye ndiye anayeujua."

Miaka yote nilitaka maneno hayo. Yamekuja yamechelewa, na hayakunilainisha, nawaambia ukweli. Nikamfuata binti mpaka kaburini. Fundi alikuwa amechuchumaa na msumari mkononi, saruji bado mbichi, na pale juu ameandika vizuri kabisa, kwa herufi kubwa, ule mstari wa semina. Ule uliopunguzwa. Mbele ya mabano ya mwisho palikuwa na nafasi ya kutosha kuingiza kilichokosekana.

"Iko sawa?" binti akauliza. "Inakauka, mwalimu."

Fundi akaninyooshea msumari. Alama mbili tu, na kaburi lingekuwa sahihi, na yeye angelala chini ya mstari wangu mpaka kiama, mzima, wajukuu zake wakiusoma. Nilishampigia goti mara moja, siku ile ya kahawa. Nikamrudishia fundi msumari wake.

"Usiongeze kitu," nikamwambia, nikamgeukia binti. "Huu ni wa baba yako mwenyewe."

Binti akanishukuru, akanikumbatia. Na wewe msomaji uliyezoea kuchukua vya wenzako, siku ukipita Rugu usimame pale, uujaribu ule mstari kwa jina lako. Utakukubali. Unamkubali kila mtu.