Matete ya Keshero

Lava ya volkano ilipomeza nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo, baba alinunua kiwanja Keshero, kwenye ukingo wa ziwa, mahali ambapo mpango wa mji ulikataza kujenga. Nilikuwa mtoto, sikuuliza. Nilianza kuuliza nilipotoka chuo kikuu, nilikosomea mambo ya maji.

Jirani yetu, mfanyabiashara, alikuwa na ukuta wa mawe ya lava mbele ya maji. Mawimbi yaliugonga, yakageuka, yakaja kuuma udongo wetu. Baba alitaka kujenga wetu, mrefu kuliko ule. Nilimwambia tutamsukumia jirani mwingine maji.

"Basi tufanye nini, dokta wa maji? Tuliombe ziwa pardon?"

"Tupande matete."

Tuliyapanda siku ya salongo, watu wote wakiwa nje kwa kazi ya pamoja, mtaa mzima ukitucheka. Mizizi ilishika udongo. Misimu ya mvua ikapita, ukingo haukumeguka, na baba akawa anawaonyesha wageni matete yake kama mtu wa Masisi anavyoonyesha ng'ombe.

Kisha waasi wakauteka mji. Askari wao walikuja na mapanga; mkubwa wao alisema adui angevuka ziwa na kujificha ndani ya matete.

"Muzee, kata yote."

"Nikate kitu chenye kinachunga nyumba yangu?"

Kitako cha bunduki kilimpasua mdomo. Alipoanguka, askari mwingine alimkanyaga shingo hadi uso ukazama topeni. Mama akaokota panga, akaanza kukata. Nami nikakata.

"Na mizizi," alisema mkubwa.

Niliuliza mizizi inamficha nani. Alinipiga teke la tumbo, nikatapika. Tuling'oa mizizi.

Dhoruba ya kwanza ilichukua jiko. Ya pili ilipasua sebule. Maji yalipita kwetu yakauzunguka ukuta wa jirani kwa nyuma, nao ukaanza kulala. Alikuja akifoka kwamba tunamuua.

Baba alikuwa ameshika nyundo kubwa. Nilidhani atampiga nayo. Aliupiga ukuta wa sebule yetu, pigo juu ya pigo, huku mabomu yakilia upande wa vilima.

"Shika mabati," aliniambia kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Tunarudi nyuma, upande wa barabara. Vyumba viwili vitatutosha." Kisha kwa jirani: "Papa, na wewe rudi nyuma."

"Nyuma kuna nyumba ya mutu."

Nikashika bati la kwanza. Baba akainua nyundo tena.