Sashe za Chumvi Nyuma ya Jiko

Harufu ya plastiki inayoungua haibishi hodi. Leo asubuhi ilinikuta nimeinama, natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, ikanishika kooni, na kabla hata sijakohoa nikamkumbuka mbuzi. Nilimkumbuka Madamu, mbuzi wa mahari ya kaka yangu, amenyoosha shingo nyuma ya jiko la mama na macho yamemtoka. Jikoni kwangu binti yangu Neema alikuwa amewasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa mifuko ya plastiki, anapepea makaa kwa mfuniko wa sufuria, ameridhika kabisa na kazi yake. Nitarudi kwake baadaye. Kwanza acheni niwasimulie habari za mbuzi, maana bila yeye hamtaelewa nilichomjibu baba yake Neema.

Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa Kasongo, pale barabara ya kwenda Kabambare inapoanza kuwa nyembamba. Sokoni siku hizo kila kitu kilikuwa kinafungwa katika vimfuko vya plastiki, ambavyo sisi tuliviita sashe. Chumvi fundo moja, mawese fundo, karanga fundo, dagaa fundo, halafu mafundo yote yanatiwa ndani ya sashe moja kubwa nyeusi yenye masikio. Mama akirudi sokoni tuliusikia mfuko ule ukichakarika kabla hatujamwona mwenyewe. Kwetu sisi watoto huo ulikuwa mlio wa maendeleo. Majirani waliobeba samaki wao kwenye majani tuliwaona watu wa zamani, Mungu anisamehe.

Mimi nilizipenda sashe za chumvi kuliko zote. Mama akishamimina chumvi yake, nilichukua ile tupu, nikaing'ata kona moja mpaka ikatoboka, nikafyonza punje zilizobaki huku nimefumba macho. Baada ya hapo ilikuwa kazi yangu kuzipeleka zote shimoni. Shimo la taka lilikuwa mwisho wa kiwanja, nyuma ya choo, na njia ya kwenda huko ilikuwa imefunikwa na upupu. Yeyote aliyewahi kuguswa na upupu miguuni atanihurumia. Basi nilikuwa nikifika nyuma ya jiko, naangalia kushoto, naangalia kulia, kisha nazirusha sashe juu ya ukuta wa matete, zinaangukia chini ya migomba.

"Umetupa?" mama aliuliza kila siku.

"Nimetupa, mama."

Niliona huo si uongo. Alikuwa ameuliza kama nimetupa, hakuuliza nimetupa wapi.

Sasa, chini ya migomba ile ndiko alikokuwa anafungwa Madamu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alitembea kwa madaha, na mvua ikinyesha alisimama mlangoni mwa jiko kama mtu anayesubiri kuletewa kiti. Hakuwa wetu wa kudumu. Kaka yangu mkubwa, Fostini, alikuwa amemchumbia dada mmoja wa kijiji cha Wamaza aitwaye Vumilia, na pamoja na vitu vingine wakwe walitaka mbuzi jike, mzima, wa kukabidhiwa mama mzaa bibi harusi. Ilibidi aingie uwanjani kwao kwa miguu yake mwenyewe, mama yule amwone anavyotembea, ndipo waseme mambo yamekamilika. Safari ya kumpeleka ilikuwa imeahirishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa msiba, mara ya pili mvua ilikata njia na pikipiki zikashindwa kupita. Mara ya tatu tulipangiwa Jumamosi, na kila mtu alijua kwamba wakwe wa Wamaza hawakuwa na subira ya mara ya nne.

Nami nilikuwa na haja yangu binafsi. Vumilia alikuwa amekuja kwetu mara moja tu, lakini siku hiyo alinisuka nywele bila kunivuta hata unywele mmoja. Mama yangu akinisuka, machozi yalinitoka. Nilimtaka wifi yule aje upesi kuliko hata Fostini mwenyewe alivyomtaka.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya safari, tulisikia mlio. Haukuwa mlio wa mbuzi. Madamu alikuwa amenyoosha shingo, ute mrefu unamtoka mdomoni, anakohoa bila kukohoa, miguu ya mbele inatetemeka. Wote tulikimbilia nyuma ya jiko. Baba alisema amekula maganda machungu ya muhogo. Mama mmoja jirani alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu hapendi harusi hii. Fostini alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshika kichwa.

Baba mdogo, aliyelala kwetu ili amsindikize Fostini, alikuwa mtu wa vitendo. Alikwishaingia ndani, akatoka na kisu.

"Tumuchinje sasa, mbele ya kufa," alisema. "Akikufa yeye mwenyewe, hata nyama tutakosa."

"Na bamukwe tutawaambia nini?" baba aliuliza. "Mara ya tatu hii."

"Tutawaambia mbuzi ilikufa. Mbuzi inakufaka."

Akaanza kunoa kisu juu ya jiwe la kizingiti. Ndugu zangu, sauti ile ya kisu ninaisikia hata leo. Kila kilipopita juu ya jiwe niliona sashe moja ikiruka juu ya matete. Mimi peke yangu nilijua Madamu alikuwa anakula nini kule chini ya migomba. Mbuzi na chumvi mnawajua, yuko radhi alambe ukuta. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu anatafuna sashe, nikacheka, nikaenda zangu kucheza. Nikinyamaza angechinjwa, Vumilia asingekuja. Nikisema, kila mtu angeniuliza sashe zimefikaje pale.

Kisu kikanyamaza. Baba mdogo akamshika Madamu sikio.

"Mama," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba hata mimi nikaishangaa, "iko sashe mu shingo yake."

Mama alinitazama mara moja tu. Hakuniuliza nimejuaje. Aligeuka, akamwambia baba, "Papa Fostini, shika pembe." Alichukua kipande cha ukuni akakipitisha kati ya meno ya mbuzi asiweze kufunga mdomo, akajimwagia mawese mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko, akaingiza vidole, halafu kiganja chote. Madamu alipiga mateke. Mama alifumba macho, ulimi umetoka pembeni, kama anavyofanya anapotafuta sindano ndani ya mfuko. Kisha akaanza kuvuta.

Ilitoka sashe nyeusi yenye masikio, imejikunja, na ndani yake zimejisokota nyingine ndogo ndogo za chumvi, zote zinateleza kwa ute na mawese. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani koo la mbuzi linaweza kubeba. Madamu alipiga chafya mbili. Alitutazama wote kama watu wasio na adabu, akapita katikati yetu na kwenda kuchukua ganda la ndizi. Fostini alicheka huku analia. Baba alikaa chini, palepale kwenye tope. Mimi niliegemea ukuta wa jiko, na hewa iliyoingia kifuani mwangu asubuhi ile ilikuwa tamu kuliko chumvi yoyote.

Lakini baba mdogo alikuwa bado ameshika kisu chake, na mtu aliyenoa kisu bure anatafuta wa kumlaumu.

"Nani anatupaka sashe hapa kila siku?" aliuliza.

Mama alikuwa ameinama juu ya lile fungu la plastiki, analigeuza kwa kidole.

"Ni mimi," alisema.

Baba mdogo akaguna, akarudisha kisu ndani. Habari ikaishia hapo. Jumamosi Madamu alifungwa ndani ya gunia, kichwa nje, akapanda pikipiki nyuma ya Fostini, na tuliambiwa kwamba kule Wamaza aliingia uwanjani kwa madaha yake yote na kula maua ya mama mkwe. Mama mkwe alimpenda papo hapo. Vumilia alikuja, na nywele zangu zikapumzika.

Mimi nilisubiri adhabu. Jumatatu nilidhani imefika, maana mama alinipa kikapu cha ukindu nikibebe kichwani, na ndani yake aliweka chupa ya mawese iliyooshwa, kopo la chumvi lenye mfuniko, bakuli la samaki, kitambaa cha karanga na mganda wa majani mapana ya mangongo. Sokoni wauzaji walikuwa na mafundo yao tayari, na mama aliyakataa moja moja, akiomba apimiwe kutoka kwenye gunia lenyewe. "Mama Fostini anahamisha jiko!" walimtania. Nilitamani ardhi ipasuke. Nyumbani wali ulianza kufunikwa kwa majani badala ya plastiki, na moto ukawashwa kwa makapi makavu ya ngazi za mchikichi, yale yanayobaki mawese yakishakamuliwa. Sashe chache zilizoingia hata hivyo, za sabuni na biskuti, mama aliziosha akazianika kambani, kisha akapandia miche ya michikichi. Baba alilalamika kwamba shati lake la kanisani linakaushwa pamoja na jamii mbaya. Njia ya shimoni ilifyekwa upupu, na sijui kama mtu aliwahi kulitumia shimo lile kwa plastiki tena. Baada ya miezi kadhaa wauzaji wale wale walikuwa wananiuliza, "Mutoto, kikapu yako iko wapi leo?"

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alidanganya kwa ajili yangu. Niliibeba "ni mimi" yake kama deni. Nilipokuwa mtu mzima, siku moja tunapitisha majani juu ya moto yalainike, na ile harufu yake ya msitu mbichi imejaa jiko, nikaona nitapasuka.

"Mama, zile sashe za Madamu, ni mimi nilizitupa."

Alicheka mpaka akaacha jani liungue. "Nilijua. Zote za chumvi zilikuwa zimeng'atwa kona. Mbuzi haing'atake kona moja tu."

"Basi kwa nini ulidanganya?"

"Sikudanganya." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulitupa. Nani alizileta nyumbani? Mikono yangu hii. Kila siku sashe kumi, na ninatuma mutoto mu upupu aende kuzificha. Ni mimi njo niliomba mbuzi samahani, si wewe."

Nilicheka nikalia, kama Fostini siku ile. Kikapu hakikuwa adhabu yangu. Kilikuwa toba yake, na mimi nilikibeba tu. Mzigo niliojitwika tangu nikiwa na miaka kumi ulinitoka jikoni pale, kati ya majani na moshi.

Turudi asubuhi ya leo. Mume wangu alitoka nje anakohoa, macho mekundu.

"Nani amewasha moto na sashe?"

Neema aliacha kupepea. Mabega yake yalipanda mpaka masikioni, nami niliyajua mabega yale. Nyuma ya mlango kikapu changu kilikuwa kinaning'inia na vumbi, maana miezi ya karibuni nimekuwa naenda sokoni mbio mbio, mikono mitupu, narudi na mafundo.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe? Si ulikuwa ndani, unatafuta kiatu?"

"Mimi njo nilizileta."

Hakuelewa, na nitamweleza jioni. Neema alishusha mabega taratibu, akavuta pumzi. Nilikipata kiatu cha pili, nikakung'uta kikapu vumbi mlangoni, nikampa yeye chupa ya mawese aibebe.