Posa Itapokelewa Misugusugu

Kwa miaka ishirini na mitatu Bi Mwamini alizijua nyumba za watu kwa uani. Alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Mlandizi mpaka Janga, penye harusi, hitima au maulidi aliitwa yeye na masufuria yake. Aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akawasha kuni, akapika pilau ya watu mia tatu, na jua likizama akatoka kwa mlango ule ule, nguo zikinuka moshi. Sebule alizisikia tu: vicheko vya wanaume, sheikh akiomba dua, vijiko vikigonga sahani.

Nyumbani kwake Misugusugu mambo hayakuwa tofauti. Mumewe, Mudathir, dereva wa lori la mchanga, alikuwa mtu wa watu. Wageni wake walikaa mbele, kwenye sebule ndogo yenye viti vitatu, na waliozidi walikaa barazani. Wageni wa Mwamini walizunguka nyumba kwa ubavuni, wakapita kando ya simtanki la maji, wakakaa uani kwenye jamvi, karibu na majivu. Mudathir hakuwa mume mbaya. Hakuna aliyewahi kuupanga utaratibu huo, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza ulianza lini. Kiwanja chenyewe kilinunuliwa kwa jasho la masufuria, na karatasi ya mauziano ilikuwa na jina la Mwamini. Bado alikaa uani.

Mudathir alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka huu, mwezi wa sita, wazee wa Hashiru, mwalimu wa Janga, walituma ujumbe kwamba wanataka kuja kumposa Rukaya, mtoto pekee wa Mwamini. Hata furaha haijakaa vizuri kifuani, simu ikalia kutoka Marui, Kisarawe. Alikuwa Zahoro, kaka mkubwa wa marehemu.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Nimesikia habari za posa. Itakuja huku kwetu Marui. Nimeshawaambia watu wafagie uwanja.”

“Wafagie tu, usafi mzuri. Lakini posa itapokelewa hapa.”

“Hapo hapana mwanamume.”

“Pana mlango, pana bati, na mwenyewe nipo.”

Zahoro alicheka. “Utawakalisha wapi? Kwenye hicho kisebule? Mtu akikunja goti anagusa ukuta. Acha masihara, Mwamini.”

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa, akiutazama ukuta uliotenganisha sebule na chumba cha mbele, kile walichokuwa wakitunzia mahindi. Aliutazama kama mtu anayemtazama jirani aliyeishi naye maisha yote bila kusalimiana. Asubuhi iliyofuata alimwita fundi.

Fundi Lusajo, mtu wa Mbeya aliyehamia Kibaha na familia yake, aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatikisa kichwa.

“Unavunjika, mama. Tutaweka boriti ya zege juu, tupanue na dirisha, tufunge na feni. Sebule itakuwa kama ukumbi.”

“Na mlango wa mbele upana uongezeke. Watu wawili wapishane bila kugusana mabega.”

“Na huku nyuma? Nitengeneze njia ya akina mama waende uani?”

“Akina mama watapita mbele.”

Lusajo alimtazama kidogo, akaandika kipimo kwenye kiganja.

Ukuta ulivunjwa, boriti ikamwagwa, ikakaa siku zake ikakauka. Mwanga uliingia ukafika mahali ambapo haukuwa umefika tangu nyumba ijengwe, na vumbi la saruji likaelea ndani yake. Mwamini alisimama katikati, mikono kiunoni, akasema peke yake, “Kumbe nyumba ilikuwa kubwa.”

Kisha akaenda Visiga kupika harusi. Alikaa siku mbili. Aliporudi, mchana, alikuta ukuta umesimama tena. Matofali mapya yalikuwa yamefika usawa wa kifua chake, mahali pale pale, na pembeni palikuwa pameachwa uwazi mwembamba wa kuelekea nyuma.

“Lusajo! Hiki nini?”

Fundi alishuka kwenye ngazi, mwiko mkononi. “Si mzee alikuja, mama? Mzee Zahoro. Alisema mmeshazungumza, turudishe ukuta, na akina mama watengenezewe kinjia. Mimi nikamwamkia, nikaanza kazi.”

“Aliyekupa kazi nani?”

“Wewe.”

“Karatasi ya kiwanja ulionyeshwa na nani?”

“Wewe, mama. Lakini yeye ndiye mkubwa wa marehemu. Kwetu, huyo akisema imekwisha. Nikajua na kwenu ni hivyo.”

Mwamini alishindwa hata kumgombeza, maana alijua mtu huyu hakufanya ujeuri. Alikuwa ametii, kama yeye alivyotii miaka yote hiyo bila mtu kumwamrisha. Alivua viatu, akafunga kanga kiunoni, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa mlangoni. Saruji ilikuwa bado mbichi. Tofali la kwanza lilitoka kwa pigo moja. La pili aliling'oa kwa mikono.

“Mama, utaumia. Acha nifanye mimi.”

“Wewe kaa. Umechoka kujenga.”

Rukaya alirudi kutoka kazini kwenye duka la dawa akamkuta mama yake mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetoka kusaga unga, vidole vikivuja damu kidogo. Saa hiyo simu ililia tena. Zahoro alikuwa ameshapata habari.

“Mwamini, sikiliza. Walii wa kumwozesha huyo binti ni mimi. Nisipokuja, hakuna posa wala ndoa. Hiyo sebule yako utakaa mwenyewe na feni yako.”

Simu ikakatwa. Rukaya aliketi juu ya rundo la matofali.

“Mama, twende tu Marui. Siku moja tu, halafu yaishe.”

Mwamini alijipangusa uso. Hapa ndipo alipoogopa kwelikweli, kwa sababu harusi haikuwa yake, na kiburi chake kingeweza kumgharimu mtoto.

“Siku nilipoposwa mimi,” alisema mwishowe, “nilikuwa uani nakuna nazi. Nilijua nimekubaliwa niliposikia wanaume wanasoma Fatiha. Mama yangu naye alikuwa ananichambulia mchele. Tuliangaliana tu. Hakuna aliyetuita. Ilikuwa siku moja tu, mwanangu, na mpaka leo haijaisha. Lakini posa ni yako. Ukisema twende Marui, kesho nafunga mizigo.”

Rukaya aliinuka, akaokota tofali, akalibeba nje, akarudi kuchukua jingine.

Siku ya posa, mpishi alikuwa Siwema, ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakigombea shughuli naye. Alifika asubuhi na miko yake, akaikagua sebule mpya kutoka mlangoni.

“Haya, shoga. Leo mimi nile moshi, wewe ule upepo wa feni.”

“Usiniunguzie tu.”

“Nenda kakae huko, bibi harusi mzee!”

Walicheka mpaka machozi.

Baada ya swala ya adhuhuri gari mbili ziliingia kutoka Janga. Wanaume walipita barazani wakaingia sebuleni. Akina mama wanne, bila kuambiwa, walianza kuzunguka nyumba kwa ubavuni, vikapu kichwani.

“Jamani, piteni huku!” Mwamini aliwaita kutoka mlangoni. “Huko nyuma kuna kuni tu.”

Walisimama, wakatazamana. Mmoja alicheka kwa aibu. Wakavua viatu wakaingia kwa mlango wa mbele, wawili wawili, mabega yasigusane.

Viti vilipokwisha kujaa, bodaboda ilisimama nje. Zahoro akashuka, amevaa kanzu na koti. Kutokuja kungemfedhehesha mbele ya watu wa Janga kuliko kuja, na hilo Mwamini alikuwa ameliombea. Alimwamkia kwa heshima zote, akamwonyesha kiti kizuri, mkono wa kulia wa kiti chake mwenyewe. Zahoro alitazama pale ulipokuwa ukuta. Akakaa.

Mzee Khalfani, msemaji wa wageni, alikohoa. “Sisi tumekuja kwa heri. Sasa, tunazungumza na nani?”

Macho yote yalikwenda kwa Zahoro.

“Mambo ya walii, shemeji yangu huyu hapa,” Mwamini alisema. “Mambo ya mtoto, zungumza na mimi. Nimemzaa, nimemsomesha, na nipo.”

Feni ilisikika. Kisha kutoka uani ikaja harufu ambayo Mwamini aliijua kuliko jina lake: pilau inayoanza kushika chini. Alijua hata sufuria gani. Alijua kwamba kuni mbili zikivutwa sasa hivi chakula kitapona, na kwamba Siwema atakuwa anapiga soga na jirani. Miguu yake ilikwisha kuanza kujiandaa bila idhini yake.

Zahoro naye aliisikia. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

“Shemeji, chakula kinaungua huko. Nenda kaangalie. Sisi tutaendelea.”

Akina mama wa Janga walimtazama, mmoja amekwisha kuinuka nusu kwenda kumsaidia.

“Yupo mpishi, shemeji.”

“Kitaungua.”

“Basi leo tutakula kilichoungua.” Sauti ilimtetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. “Mzee Khalfani, karibu. Endelea.”

Mzee alimtazama Zahoro, akamtazama Mwamini. Akakisogeza kiti chake mpaka kikamwelekea yeye, akasema bismillahi, akaanza upya. Harufu ilizidi, moshi mwembamba ukaingia sebuleni, na Mwamini akashika mikono ya kiti kwa nguvu, akamsikiliza neno kwa neno, asiinuke.